Mgonjwa haulizwi uji: barua ya wazi kwa Mawaziri wa Afya, Fedha na TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa)

Waheshimiwa Mawaziri, pamoja nanyi Waheshimiwa Wabunge mnaojiandaa kwa Bunge la bajeti,

Tunawaandikia tukiwa watumishi wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya: waganga wafawidhi, wauguzi wakunga, watunza dawa, maafisa ustawi wa jamii na wale wanaoshughulikia madai ya bima kila mwisho wa mwezi. Tunalotaka kusema ni moja. Serikali inadaiwa matibabu na kila mtu anayeishi Tanzania, na deni hilo halilipwi kwa kumwandikisha mtu kwenye mfuko. Hulipwa siku anayougua, kwa dawa, damu, mkunga na gari.

Deni lenyewe limeandikwa kwenye Katiba. Ibara ya 9 inataka matumizi ya utajiri wa Taifa yaelekezwe katika kuondosha umaskini, ujinga na maradhi. Ibara ya 11 inataka uwepo utaratibu wa mtu kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Tunaifahamu pia Ibara ya 7, inayosema kwamba masharti ya sehemu zilimo ibara za 9 na 11 hayawezi kudaiwa mahakamani. Ndiyo maana tunazungumzia wajibu wa kiutu. Mahakama isipoweza kumlazimisha kiongozi, hubaki dhamiri ya yule aliyeapa kuilinda Katiba, na makadirio ya bajeti anayoyatia saini.

Kuna hoja tunayoisikia mara kwa mara, kwamba mkulima, mama lishe na kijana wa bodaboda hawamo kwenye mfumo wa kodi, hivyo ni haki wagharamie matibabu yao wenyewe. Hoja hiyo si ya kweli. Sabuni anayonunua mama lishe ina VAT ya asilimia 18. Kila lita ya petroli ya bodaboda ina ushuru na tozo ndani yake. Soda, muda wa maongezi, miamala ya simu, kote huko anakatwa. Mtu huyu amechangia mwaka mzima bila jina lake kuandikwa popote, na akifika kituoni anaambiwa hajachangia.

Tuanze na uzazi, kwa sababu hapo sera inatamka waziwazi kwamba huduma ni bure. Mjamzito anayekaribia kujifungua hupewa orodha ya vitu vya kuja navyo: mpira wa kulalia, glovu, pamba, wembe, kibanio cha kitovu au uzi, beseni, kanga, na mahali pengine hadi bomba la sindano na dawa ya kuzuia damu kutoka. Ukiondoa kanga na beseni, kila kitu kwenye orodha ile kilipaswa kuwa kabatini. Mkunga haiandiki kwa ukorofi. Anaiandika kwa sababu analijua kabati lake: glovu alizoagiza MSD, bohari ya dawa ya Serikali, hazikuja, au zimekuja nusu, na usiku wa manane hakuna duka lililo wazi. Mwanamke aliyeshindwa kukamilisha orodha huona haya kuja mapema. Anabaki nyumbani hadi uchungu umekomaa, na wengine wanaletwa wakiwa wameshatokwa na damu nyingi.

Hiyo dawa ya kuzuia damu inahitaji kuelezwa kwa undani, kwa kuwa inaonyesha vizuri hasara ya kumhamishia mgonjwa kazi ya Serikali. Mtoto akishatoka, mama anapaswa kuchomwa oksitosini yuniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja, ili mji wa mimba ukaze na damu isimame. Oksitosini inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto hupoteza nguvu kidogo kidogo, na kwa macho huwezi kujua, maana maji yake hayabadiliki rangi. Mkunga anachoma akiamini ametibu, kumbe amechoma maji. Sasa fikirieni dawa hiyo ikinunuliwa na ndugu kwenye duka lililoezekwa bati, ikakaa siku tatu ndani ya mkoba pamoja na kanga. Friji ya chanjo ya kituo ina karatasi ya joto inayojazwa asubuhi na jioni, mkoba hauna. Dawa ikishatoka kwenye mikono ya Serikali, hakuna tena anayeweza kusema ilipita wapi na ilikaa kwenye joto gani. Huyo mama akifariki, kikao cha kupitia vifo vya uzazi kitaandika kwamba alivuja damu baada ya kujifungua. Bei na joto la ile ampuli havitaandikwa popote.

Ikifika kwenye upasuaji orodha inarefuka: dawa ya ganzi ya mgongoni, nyuzi za aina mbalimbali, katheta na mfuko wake, dripu, damu salama ya kundi lake. Kikikosekana kimoja tu, vingine vyote vilivyonunuliwa havisaidii kitu.

Tuje kwa asiye na uwezo. Kwake upo utaratibu wa msamaha, na kwenye karatasi unapendeza. Anatakiwa barua ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa, iliyogongwa muhuri na mtendaji, kisha aende ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini, ahojiwe, ajaziwe fomu, ndipo aruhusiwe kupita dirishani. Tatizo ni kwamba kazi hiyo yote inataka mtu mzima mwenye nguvu ya kutembea. Mwenyekiti yuko shambani, mtendaji kaitwa wilayani, na muhuri umefungiwa ofisini. Aliyeletwa Jumamosi usiku akiwa hajitambui hana barua, na ofisi ya ustawi itafunguliwa Jumatatu.

Lipo na kubwa zaidi ambalo halionekani kutoka Dodoma. Kila msamaha unaotolewa ni pengo kwenye mapato ya kituo kilekile, kwa kuwa hakuna mfuko unaokirudishia. Dawa imetoka stoo, fedha ya kununua nyingine haikuingia. Hivyo afisa ustawi anayesamehe wengi huulizwa kwenye kikao cha mapato, na anajifunza kusamehe wachache. Tumempa mtumishi mmoja kazi ya kuwatetea maskini, kisha tukamwekea lengo la makusanyo linaloporomoka kila anapoifanya kazi hiyo. Kosa hilo ni la mfumo, na linarekebishika kwa fedha kidogo kuliko mnavyodhani.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, kwa sababu kumuuliza ni kumchelewesha. Maswali yote ya uwezo yanaweza kuulizwa kabla mtu hajaugua. Majina ya kaya maskini yapo TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya hizo, tena yaliibuliwa kwenye mikutano ya vijiji mbele ya majirani. Kaya iliyo kwenye orodha ile isiombwe barua ya mtu yeyote. Namba yake isomeke moja kwa moja kwenye mfumo wa kituo, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa, hata nje ya mkoa wake. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji mifumo miwili ya Serikali isomane.

Hata hivyo orodha ya TASAF inawashika walio chini kabisa. Juu yao kidogo kuna umati mkubwa zaidi: mwenye ekari mbili za mahindi, mchuuzi wa samaki, kibarua wa ujenzi. Siku za kawaida wanakula na kusomesha. Wakilazwa wiki mbili wanauza mbuzi, kisha baiskeli, kisha kipande cha shamba, na mwaka unaofuata ndio wanaostahili kuingia TASAF. Bima yoyote itakayowaacha hawa kwa maelezo kwamba wanajiweza itakuwa inazalisha maskini wapya.

Bima ya hiari nchi hii imeshaijaribu kwa muda mrefu. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia Igunga mwaka 1996, ukapata sheria mwaka 2001, ukaboreshwa mwaka 2018 kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Pigeni hesabu. Ni shilingi 5,000 kwa mtu kwa mwaka, chini ya shilingi 420 kwa mwezi. Fungu la namna hiyo haliwezi kubeba damu, upasuaji na rufaa. Kilichotokea vituoni kilikuwa mduara: mwanachama anaonyesha kadi, anaonwa na tabibu, akifika dirisha la dawa anaandikiwa karatasi akanunue nje. Amelipa mara mbili. Mwaka ukiisha hahuishi kadi yake, mapato ya mfuko yanapungua, dawa zinazidi kukosekana, na jirani yake aliyekuwa anafikiria kujiunga anaghairi.

Toto Afya Kadi, bima ya afya ya watoto, ilitufundisha somo lingine. Mchango ulikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmojammoja ukasitishwa, kwa maelezo kwamba wengi walioandikishwa walikuwa watoto ambao tayari wanaumwa. Hatuwalaumu wazazi wale. Mwenye fedha ya kununua kitu kimoja hununua anachokihitaji leo. Hesabu ya bima inataka wazima wawe wengi kuliko wagonjwa, na hilo haliwezekani kwa kubembeleza. Lakini haliwezekani pia kwa kulazimisha peke yake: ukimlazimisha asiyekuwa nacho, unachovuna ni orodha ya wadaiwa.

Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, lilitaja vyanzo vya kuwagharamia wasio na uwezo, vikiwemo ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, vileo na vipodozi, na kodi ya michezo ya kubahatisha. Hiyo kwetu ndiyo roho ya sheria nzima, na tunaiunga mkono kwa moyo wote. Ila chanzo kilichotajwa kwenye sheria bila kuwa na fungu lake kwenye kitabu cha bajeti hakifiki zahanati. Tunaomba kila Juni kijulikane kiasi kilichokusanywa kutoka kila chanzo na kiasi kilichopelekwa kwenye matibabu, kwa tarakimu, kwa wilaya.

Ombi letu kubwa linahusu ngazi ya chini. Msipeleke mfumo wa madai kwenye zahanati. Kituo kikitoa huduma kwa bima, kinajaza fomu ya kila mgonjwa na kuzituma mwisho wa mwezi. Madai hurudi yamekatwa kwa sababu namba ya kadi imekosewa tarakimu moja, saini ya mgonjwa haipo, ugonjwa ulioandikwa haulingani na dawa iliyotolewa, au dawa ni ya ngazi ya juu kuliko kituo. Baadhi ya makato ni halali, maana udanganyifu upo na lazima ukomeshwe. Lakini zahanati nyingi zina watumishi wawili au watatu. Saa ambazo mkunga anasahihisha fomu ni saa ambazo hayupo na mjamzito. Malipo yakichelewa, deni la MSD linakua, mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuuza dawa MSD inapozikosa, naye anakataa kutoa kwa mkopo, na kituo chenye madai makubwa ya kulipwa kinakuwa hakina hata panadol.

Njia iliyo bora tayari mnayo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wahisani, zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kila kituo, na kamati ya usimamizi ya kituo, yenye wanakijiji ndani yake, ndiyo inayopanga na kuidhinisha matumizi. Bomba limeshachimbwa, maji yake ndiyo machache. Tunapendekeza matibabu yote ya zahanati na kituo cha afya yasiwe na malipo dirishani kwa mtu yeyote, na kila kituo kipelekewe fedha za kodi kwa kuangalia idadi ya watu wa eneo lake, umbali wao, na wingi wa wajawazito na watoto wadogo. Bima ibaki kwenye hospitali, ambako kuna makarani, kompyuta na huduma za gharama zinazostahili kukaguliwa fomu kwa fomu. Na fedha zije kwa tarehe. Fedha ya dawa za malaria ikifika Aprili, wakati masika yameshaanza, imechelewa: oda ilipaswa kutoka Januari.

Kwa nini bure kabisa, hata kwa anayeweza kulipa shilingi elfu mbili? Kwa sababu kiasi kidogo ndicho kinachomchelewesha mtu. Mtoto mwenye homa akipimwa siku ya kwanza, dawa mseto ya siku 3 inatosha, na hata mtu mzima humaliza vidonge 24 tu akiwa nyumbani kwake. Mama akisubiri Ijumaa apate fedha ya vicoba, mtoto anafika akiwa na degedege, anahitaji sindano za artesuneti anapofika, baada ya saa 12 na baada ya saa 24, pengine na damu, na kitanda siku kadhaa. Mgonjwa wa kisukari anahitaji metformini, kwa wengi vidonge viwili kwa siku, 60 kwa mwezi. Mwenye presha, amlodipini kidonge kimoja kwa siku. Ni dawa za bei ndogo, zinazoachwa kwa sababu mtu hajisikii kuumwa na mwezi huu kuna ada ya shule. Miaka michache baadaye anakuja na kiharusi, au figo zimekufa na anahitaji kusafishwa damu mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, mizunguko 156 kwa mwaka, maisha yake yote. Mlinzi wa fedha za umma anapaswa kuitafuta ile metformini nyumba kwa nyumba.

Kuna watakaosema bure iliwahi kuwepo, ikashindwa, na ndiyo sababu uchangiaji ukaanza mwaka 1993. Wengine watataja Uganda, iliyofuta ada kwenye vituo vya Serikali Machi 2001. Tuitazame Uganda kwa haki. Watu walimiminika vituoni, maskini wakiwa mbele, ushahidi kwamba ada ndiyo iliyokuwa imewazuia. Kilichoharibu ni kwamba dawa hazikuongezwa kulingana na umati ule, hivyo mgonjwa akaonwa bure na kununua dawa dukani. Kufuta ada bila kujaza stoo ni nusu ya kazi, na hatutaki muifanye nusu.

Nchi hii inajua kuifanya nzima. Mgonjwa wa kifua kikuu anapewa dawa za miezi 6 bila kuulizwa kadi. Chanjo haina dirisha la malipo. Mfumo wa m-mama, kwa simu ya bure 115, humtafutia mjamzito au kichanga aliye hatarini gari la wagonjwa, na lisipopatikana hutumwa dereva wa jamii ambaye nauli yake inalipwa kwa simu. Hakuna anayemuuliza yule mama barua ya mtendaji. Takwimu za kitaifa za vifo vya uzazi zilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, na 104 mwaka 2022. Haya yalifanywa na Serikali hii, kwa watumishi hawahawa. Tahadhari yetu ni moja: sehemu kubwa ya dawa za kifua kikuu na za VVU imekuwa ikigharamiwa na wahisani, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada tuliona jinsi uhai wa watu wetu ulivyoning'inia kwenye saini ya mtu aliye mbali. Azimio la Abuja la 2001, la viongozi wa nchi za Afrika, liliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi hiyo tuliitoa sisi wenyewe.

Na kuhusu maiti. Maelekezo ya kutozuia mwili wa marehemu kwa sababu ya deni yameshatolewa, na bado ndugu wanakaa nje ya chumba cha maiti wakichangishana. Yanavunjwa kwa sababu hospitali ikiachia mwili inabaki na deni ambalo hakuna anayelifidia. Wekeni kwenye bajeti fungu la kulipa madeni ya waliofariki na wasio na uwezo, lilipwe kwa hospitali kila robo mwaka baada ya ukaguzi. Siku hiyo hakuna mhasibu atakayekuwa na sababu ya kumfungia mtu mlango asimzike mama yake.

Tunaomba mambo manne yajibiwe kwa maandishi kwenye hotuba za bajeti za wizara zenu tatu: kiasi kilichotengwa kwa kila mkazi kwa ajili ya zahanati na vituo vya afya, na tarehe kitakapotumwa, siku ambayo orodha ya TASAF itaanza kusomeka vituoni, namba ya fungu la kufidia misamaha, na lini orodha ya vitu vya kujifungulia itabaki na kanga na beseni peke yake.

Wenu katika kazi,
Watumishi wa afya wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya